Kutabiri kelele za mvua chini ya paa kwa programu za akustika: nambari tunayopewa ni ya mvua ipi?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia programu za kukokotoa sauti ili kukadiria kelele ya mvua inayopenya paa hadi ndani ya chumba, na kila ninaposoma ripoti za wenzangu hukuta jambo lile lile: mtu ameandika "kelele ya mvua ni dB 58" (dB ni desibeli, kipimo cha kelele) akaweka nukta, kana kwamba mvua ni moja duniani kote na vyumba vyote vina ukubwa mmoja. Nimeanzisha uzi huu ili tuifuatilie nambari hiyo tangu tone linapogusa bati hadi sauti inapofika sikioni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mara nyingi programu haikosei hesabu, bali sisi ndio hatuiulizi imekokotoa mvua gani.

Nianze na tone. Programu nyingi za aina hii, INSUL ikiwa mojawapo, huegemea mvua bandia iliyofafanuliwa katika taratibu za upimaji za ISO, shirika la kimataifa la viwango, kwanza ISO 140-18 ya mwaka 2006 na baadaye mfululizo wa ISO 10140. Humo mna mvua mbili ambazo nitaziita mvua kali na mvua nzito. Mvua kali ni milimita 15 kwa saa, yenye matone ya kipenyo cha mm 2 yanayoanguka kwa mita 4 kwa sekunde. Mvua nzito ni milimita 40 kwa saa, matone ya mm 5, kasi ya mita 7 kwa sekunde. Anayesoma haraka huona tofauti ya 15 na 40 na kudhani kwamba kelele itapanda kidogo tu, labda dB 4, kwa kuwa maji yameongezeka mara mbili na nusu hivi. Hapo ndipo anapopotea.

Tuhesabu kwa mkono. Tone la mm 5 lina uzito wa takriban miligramu 65, na la mm 2 lina miligramu 4.2. Milimita 40 kwa saa ni lita 40 kwa kila mita ya mraba kwa saa, yaani gramu 11 hivi kila sekunde. Ukizigawa kwa uzito wa tone unapata matone 170 kwa sekunde katika kila mita ya mraba. Kwa mvua kali unapata matone karibu 1000. Kwa hiyo mvua nzito ina matone machache zaidi, takriban moja ya sita. Lakini momenta ya tone moja, yaani tungamo mara kasi, ni kubwa mara 27. Kwa kuwa matone hupiga bila mpangilio, nishati zao hujumlishwa moja moja, na nishati ya kila pigo katika masafa ya chini (sauti nzito) hufuata mraba wa momenta. Mraba wa 27 ni zaidi ya 700. Ukigawa kwa sita unabaki na mara 127 hivi, ambazo ni dB 21.

Desibeli 21 kati ya mvua mbili, paa likiwa lile lile! Mtu akikuletea matokeo bila kutaja mvua, amekuletea nambari ambayo inaweza kuyumba kwa kiasi kinachozidi tofauti kati ya dari nzuri na kutokuwa na dari kabisa.

Jambo la pili kuhusu tone ni muda wa pigo. Kwa makadirio ya kawaida muda huo ni kipenyo kugawanywa kwa kasi: milisekunde 0.7 kwa tone la mm 5, milisekunde 0.5 kwa tone la mm 2. Kani ya pigo fupi kama hilo husambaa karibu sawasawa katika masafa ya chini, kisha huanza kushuka inapopita Hz 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) na kuendelea. Ndiyo maana kelele ya mvua kwenye paa jepesi imejaa masafa yale yale ambayo maneno ya binadamu huyategemea ili yaeleweke, na ndiyo maana mwalimu darasani hunyamaza mvua inapoanza hata kama kipimo cha jumla hakionekani cha kutisha sana.

Naomba wenye uzoefu wa paa zenyewe, wa miundo na wa vyumba waendeleze. Mimi najua zaidi upande wa hesabu.

#2 Msanifu majengo

Shukrani, mkuu. Nina maswali mawili. Kwanza, nikimwandikia mteja nichague mvua ipi? Pili, hiyo mvua nzito ya maabara inafanana na mvua ya kweli ya milimita 40 kwa saa? Nauliza kwa sababu nimewahi kukaa chini ya paa ambalo programu ilililaani, na mvua ilipokuja nilisema moyoni kwamba si mbaya kiasi kile.

#3 Mwanzisha uzi

Swali la pili ndilo zito, kwa hiyo naanza nalo. Mvua ya asili haina matone ya ukubwa mmoja. Marshall na Palmer walionyesha mwaka 1948 kwamba idadi ya matone hupungua kwa kasi kipenyo kinavyoongezeka, na wakatoa mlinganyo ambao bado unatumika. Ukiutumia kwa mvua ya milimita 40 kwa saa, mlinganyo huo unasema nusu ya maji yote imo katika matone yenye kipenyo kisichozidi mm 2 hivi. Tone la mm 5 lipo, lakini ni mgeni wa nadra. Maabara imeyajaza matone yote ukubwa wa huyo mgeni.

Kwa upande mwingine, tone la asili la mm 5 huanguka kwa kasi kuliko lile la maabara. Vipimo vya Gunn na Kinzer vya mwaka 1949 viliweka kasi ukomo (kasi ya juu kabisa ya kuanguka) ya tone hilo kwenye mita 9 hivi kwa sekunde, ilhali maabara hutumia 7 kwa sababu tangi lenye matundu hutundikwa mita chache tu juu ya paa na tone halipati nafasi ya kufikia kasi yake kamili. Kasi hiyo ya ziada ingeongeza takriban dB 2 kwa kila tone.

Nilipojumlisha athari zote mbili, yaani matone madogo kwa wingi wake na kasi halisi za kuanguka, nilipata kwamba mvua ya asili ya milimita 40 kwa saa, kwa masafa ya chini, inakuwa chini ya mvua nzito ya maabara kwa dB chache, kuanzia 4 hivi kwenda juu kutegemea unaacha kuhesabu kwenye matone ya ukubwa gani. Kwa hiyo sikio lako halikukudanganya, mkuu. Programu ilikokotoa mvua nyingine.

Lakini usiichukue hiyo kama ruhusa ya kupunguza dB 5 kwenye kila ripoti. Katika hesabu hiyo matone machache makubwa hubeba sehemu kubwa ya kelele, na mvua za radi huwa na matone hayo kwa wingi kuliko mlinganyo wa wastani unavyotabiri. Isitoshe, mvua inapoongezeka matone nayo hukua. Ukishikilia tone la ukubwa mmoja, kuongeza mvua mara mbili huongeza dB 3 tu. Ukiruhusu matone yakue kama Marshall na Palmer walivyoeleza, ongezeko hilo linakaribia dB 6. Mtu anayechukua matokeo ya milimita 40 na kuyapeleka kwenye mvua ya milimita 80 kwa kuongeza 3 anajidanganya.

Kuhusu swali la kwanza: kwa kulinganisha bidhaa na miundo ya paa, tumia mvua nzito ya maabara, kwa kuwa ndiyo iliyokusudiwa kazi hiyo na ndiyo utakayoipata katika karatasi nyingi za vipimo. Kwa kumwahidi mteja atakachosikia, eleza kwamba hiyo ni hali kali, na useme ni kali kwa sababu gani.

#4 Mhandisi wa miundo

Nawasalimu. Mwanzisha uzi ameeleza vyema kinachoanguka. Niongeze kidogo kuhusu kinachopigwa, kwa kuwa nimeona watu wakiingiza bati katika programu kama sahani bapa ya chuma na kuendelea na safari.

Bati la chuma la mm 0.5 lina tungamo la kilo 3.9 hivi kwa mita ya mraba. Lingekuwa bapa, masafa ambayo mawimbi ya mpindo ndani yake hulingana na mwendo wa sauti hewani yangekuwa karibu Hz 24,000, juu kabisa ya usikivu wa binadamu. Maana yake ni kwamba bati bapa ni mtoaji dhaifu wa sauti: linatetemeka sana lakini sehemu kubwa ya mtetemo huo haigeuki kuwa sauti ya kusafiri mbali. Ukilikunja mawimbi au migongo, hali hubadilika. Kufuata urefu wa migongo linakuwa gumu mara nyingi zaidi, na ule ulingano hushuka hadi mamia ya Hz katika mwelekeo huo, ilhali katika mwelekeo wa kukata migongo unabaki juu. Kati ya hapo kuna eneo pana ambamo bati linatoa sauti kwa urahisi kuliko sahani bapa ya uzito ule ule. Programu inayokupa nafasi ya kuingiza umbo la mkunjo, kimo cha mgongo na nafasi kati ya migongo, inakupa nafasi hiyo kwa sababu. Ijaze.

Kwa kulinganisha tu, mtu akiniuliza kuhusu paa la zege la mm 150 humjibu kwa ufupi. Ukokotoe nguvu ambayo pigo lile lile huingiza katika zege na katika bati la mm 0.5, zege hupokea pungufu kwa zaidi ya dB 40, kabla hata hujahesabu uzito wake wa ziada. Chini ya zege, ukisikia mvua, tafuta dirisha.

#5 Mwanafunzi wa uhandisi

Samahani wakuu kama swali langu ni la kitoto. Kwa nini nisichukue tu uwezo wa paa kuzuia sauti ya hewani, ule ambao viwanda huutoa kama nambari moja, kisha nikautoa kwenye kelele ya mvua nje? Nina jedwali zima la paa na nambari zao.

#6 Mwanzisha uzi

Si la kitoto hata kidogo. Wapo waliobobea wanaofanya hivyo. Shida ni kwamba kelele ya mvua kwenye paa haitoki nje. Nje kuna sauti ndogo tu ya maji. Kelele huzaliwa ndani ya bati lenyewe linapopigwa, kwa hiyo hakuna kiwango cha nje cha kutolea.

Nikupe mfano ambao huwa nautumia. Chukua paa la tabaka mbili, bati jepesi upande mmoja na plaiwudi nene upande mwingine, hewa katikati. Kwa sauti ya hewani, uwezo wake wa kuzuia ni uleule hata ukiligeuza chini juu, kwa kuwa njia ya sauti kwenda na kurudi ni moja. Kwa mvua sivyo. Bati likiwa juu, tone linakutana na kitu chepesi kinachotikisika kwa urahisi, na nishati nyingi huingia katika mfumo. Plaiwudi ikiwa juu, tone lile lile linakutana na kitu kizito na kigumu zaidi, nishati kidogo ndiyo inayoingia. Paa moja, nambari moja ya jedwali, kelele mbili tofauti.

Jedwali lako lina kazi: litakusaidia kujua tabaka za chini ya bati zitazuia kiasi gani cha kile ambacho bati limekwisha kukizalisha. Ila hesabu iandamane na nguvu inayoingia kwenye ngozi ya juu, na hiyo ndiyo programu inapaswa kukufanyia.

#7 Mhandisi wa miundo

Hapo umegusa jambo ambalo limenisumbua. Wauzaji wa tabaka za kufyonza mtetemo, zile za lami au mpira zinazobandikwa chini ya bati, hudai punguzo kubwa sana. Nimewahi kuiga tabaka hiyo katika programu mbili tofauti. Moja ilinipa punguzo la kuvutia, nyingine ikanipa nusu yake. Nani mkweli?

#8 Mwanzisha uzi

Huenda zote mbili, kila moja kwa sehemu yake ya hesabu. Bati linapopigwa na tone hutoa sauti kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtetemo unaosambaa bati zima, unagonga kingo na misumari, unarudi, na kuendelea kulia kwa muda. Huu ndio unaopunguzwa na tabaka ya kufyonza: ukipandisha upotevu wa nishati ndani ya bati kutoka 0.01 hadi 0.1, sehemu hii hushuka kwa dB 10. Njia ya pili ni sauti inayotoka papo hapo pale tone lilipopiga, kabla wimbi halijasafiri popote. Hii haijali bati linafyonza kiasi gani. Inajali tungamo tu, na hushuka kwa dB 6 kila ukiongeza tungamo mara mbili.

Nimewahi kukokotoa sehemu hii ya pili peke yake kwa bati tupu bapa la mm 0.5 chini ya mvua nzito ya maabara, nikijumlisha Hz 1000 za mwanzo, na nikapata kiwango cha ukali wa sauti (nguvu inayotoka katika kila mita ya mraba) cha dB 64 hivi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtetemo unaosambaa unachangia dB 70. Jumla ni 71. Unabandika tabaka ya kufyonza, ile 70 inashuka hadi 60, lakini 64 ipo palepale, na jumla mpya ni 65.5. Muuzaji amekuahidi 10, paa limekupa 5.5. Programu inayohesabu mtetemo unaosambaa peke yake itakuonyesha 10 na kumfurahisha muuzaji.

Kwa haki, tabaka ya lami huongeza pia uzito, na uzito huo hupunguza ile sehemu ya pili. Kilo 4 za lami kwa mita ya mraba juu ya bati la kilo 3.9 ni karibu mara mbili, yaani dB 6 kwa uzito peke yake. Mara nyingi huwa nashuku kwamba sifa nyingi tunazozipa ufyonzaji ni za uzito.

#9 Fundi wa paa na dari

Mimi si mtu wa programu, ila napigilia mabati na dari kila siku na naomba niseme ninachokiona. Michoro huja na sufi ya madini (pamba ya kuzuia joto na sauti) ya mm 100 kati ya papi, halafu bodi za jasi, na karatasi ya hesabu imeambatishwa. Tukifika juu, sufi inabanwa chini ya bati ikawa nusu ya unene wake, bodi zinapigiliwa moja kwa moja kwenye papi zile zile zinazoshika bati, na baada yetu anakuja fundi umeme na kukata matundu ya taa kila baada ya hatua mbili. Halafu mvua ikinyesha tunalaumiwa sisi.

Swali langu: hizo hesabu zinajua kwamba dari imeshikana na bati?

#10 Mwanzisha uzi

Ndugu fundi, hilo swali lako lingepaswa kuwa la kwanza katika uzi huu.

Zinajua iwapo aliyezijaza amezieleza. Katika programu nyingi kuna sehemu ya kuchagua jinsi tabaka mbili zilivyounganishwa: hazijagusana kabisa, zimeunganishwa kwa mstari mgumu kama papi, kwa nukta, au kwa vishikizo vyenye mpira. Aliyejaza akiacha chaguo la "hazijagusana" kwa sababu ndilo lililokuja na programu, umepigilia paa ambalo yeye hakulihesabu.

Tuangalie dari ikiwa imeachana na bati. Bati la kilo 3.9, bodi ya jasi ya mm 12.5 yenye kilo 9 hivi kwa mita ya mraba, na nafasi ya mm 200 katikati: mfumo huo wa uzito, hewa na uzito hutetemeka kwa urahisi karibu na Hz 80. Chini ya hapo dari haisaidii, pengine hata inaharibu kidogo; juu ya hapo msaada wake hupanda kwa kasi sana. Ongeza bodi ya pili na masafa hayo yanashuka hadi Hz 75 tu, lakini juu yake unapata zuio kubwa zaidi. Sufi katika nafasi hiyo hula sauti inayorukaruka kati ya bati na dari. Sasa pigilia bodi moja kwa moja kwenye papi: mtetemo unapita kwenye mbao kama daraja, na kule juu katika masafa ya maneno ya watu, ambako dari ingefanya kazi yake kubwa, faida inakatwa. Nafasi ya hewa na sufi bado vipo, ila vimepitwa.

Kuhusu matundu ya taa, sauti haina subira: tundu dogo katika dari nzuri huumiza zaidi kuliko tundu lile lile katika dari mbovu. Programu za tabaka zinachukulia dari imezibwa yote. Mimi huingiza matundu kama eneo tofauti lisilo na zuio na kujumlisha kwa uwiano wa maeneo. Ni njia ya kukadiria, lakini humwonyesha mteja hasara ya kila taa aliyoiomba.

Sufi kubanwa huhuzunisha zaidi kwa joto kuliko kwa mvua. Ikigusa bati kidogo, wakati mwingine husaidia kutuliza mtetemo.

#11 Msanifu majengo

Vipi zile paneli za chuma, povu gumu, chuma? Wateja wanazipenda kwa sababu zinafungwa haraka na zinazuia joto.

#12 Mhandisi wa miundo

Zinazuia joto, kweli. Kwa mvua ni habari nyingine. Povu gumu hufanya kazi kama springi ngumu kati ya mabati mawili mepesi, na mfumo huo hutetemeka kwa urahisi mahali fulani karibu na Hz 1000, juu au chini kidogo kutegemea ugumu na unene wa povu. Hapo ndipo mvua ina nguvu na ndipo sikio lilipo makini. Kuongeza unene wa povu huteremsha masafa hayo kidogo, hakuyaondoi. Ukizitumia, tenganisha dari chini yake. Na katika programu usiweke povu gumu kama kifyonza sauti chenye vinyweleo. Ni kosa nililoliona zaidi ya mara moja, na linatoa matokeo mazuri mno kwa paneli duni.

#13 Mwanafunzi wa uhandisi

Nimefuata na kujaribu mfano wangu mwenyewe. Programu imenipa dB 55 kwa mvua nzito. Mwongozo wa Uingereza wa akustika za shule, BB93, unasema kelele wakati wa mvua nzito isizidi ukomo wa kawaida wa chumba kwa zaidi ya dB 25. Ukomo wa darasa jipya ni dB 35, kwa hiyo ninaruhusiwa 60. Nimefaulu kwa dB 5, sivyo?

#14 Mwanzisha uzi

Subiri kwanza. Hiyo 55 ni kiwango cha ukali wa sauti, yaani nguvu inayotoka katika kila mita ya mraba ya upande wa chini wa paa. Ile 60 ni kiwango cha shinikizo la sauti ndani ya chumba. Vyote viwili vinaandikwa kwa dB na havifanani.

Ili kuvuka kutoka kimoja hadi kingine unahitaji eneo la paa na ufyonzaji wa chumba (uwezo wake wa kumeza sauti): ongeza dB 6, kisha ongeza mara kumi ya logi ya eneo la paa lililogawanywa kwa ufyonzaji. Tuseme darasa lako lina paa la mita za mraba 60, ujazo wa mita 180 za ujazo, na mwangwi unafifia kwa sekunde 0.6. Ufyonzaji ni 0.16 mara 180 kugawanywa kwa 0.6, yaani mita za mraba 48. Sitini kwa 48 ni 1.25, logi yake mara kumi ni 1 hivi, jumla na 6 ni 7. Shinikizo la sauti darasani ni dB 62. Umeanguka kwa dB 2.

Fanya hivyo kwa kila bendi ya masafa, kwa kuwa mwangwi hutofautiana sana kati ya Hz 125 na Hz 2000, kisha ndipo upime kwa uzani wa A (unaofuata usikivu wa sikio) na kujumlisha. Hesabu ya nambari moja niliyoifanya hapa ni ya kukuonyesha njia tu.

Na usiwe na haraka ya kuweka dari ya kufyonza ili kuponya zile 2. Kuongeza ufyonzaji mara mbili kutakupa dB 3 na hapo ndipo mwisho wake, kwa sababu paa lenyewe linaendelea kumwaga nguvu ile ile. Paa lenye bodi mbili badala ya moja litakupa zaidi, na halitategemea samani za chumba.

#15 Mwanafunzi wa uhandisi

Nimeelewa, asante sana. Nimerudia kwa bendi. Niliikosea pia mteremko: nimeweka digrii 30, ilhali karatasi ya maabara niliyolinganisha nayo ilikuwa ya digrii 5.

#16 Mwanzisha uzi

Hiyo si kubwa. Maabara hupima mapaa kwa digrii 5 na madirisha ya paani kwa digrii 30. Ukiinua paa hadi digrii 30, tone linapiga kwa pembe, na sehemu ya kasi inayosukuma bati hupungua, hapo ni dB 1.2, maji yale yale pia yanasambaa juu ya eneo kubwa kidogo la bati, dB 0.6. Jumla haifiki 2. Upepo ukisukuma mvua kuelekea mteremko huo, hata hizo unazirudisha. Mimi siihesabu faida hiyo, naiacha kama akiba.

Niliahidi moyoni kwamba nitaandika upya ile sentensi niliyoanza kwa kuilalamikia. Kwa paa la mfano wa mwanafunzi ningeiandika hivi: "Kiwango cha ukali wa sauti kilichokokotolewa ni dB 55, kwa mvua nzito ya ISO 10140 ya milimita 40 kwa saa, matone ya mm 5 kwa mita 7 kwa sekunde, mteremko wa digrii 30, bati lenye mkunjo, dari iliyotenganishwa na isiyo na matundu, katika darasa lenye paa la mita za mraba 60 na ufyonzaji wa mita za mraba 48, kiwango cha shinikizo la sauti ni dB 62."

#17 Mhandisi wa miundo

Ongeza nafasi kati ya papi na jinsi bati lilivyofungwa. Na andika toleo la programu.

#18 Fundi wa paa na dari

Na mwandike idadi ya matundu ya taa, halafu nakala apewe fundi umeme.